Kabla ya Kumuua, Mwamshe: Spora na Kosa la Kutegemea Nguvu

Mwaka 1876 mwanafizikia John Tyndall alijikuta ameshindwa na jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa rahisi kwake. Katika maabara yake ndani ya Royal Institution, London, alizoea kuchemsha supu za nyama, za mboga na za nyasi kwa dakika tano, kuziweka kwenye hewa isiyo na vumbi, na kuzikuta safi hata baada ya muda mrefu. Ghafla zikaanza kuchacha. Akaongeza muda wa kuchemsha, zikachacha. Akachemsha kwa saa kadhaa, bado baadhi zikachacha. Alipofuatilia chanzo, alikikuta kwenye nyasi kavu za zamani zilizokuwa zimeingizwa ndani ya jengo. Vumbi lake lilikuwa limeenea kila mahali, na ndani ya vumbi hilo kulikuwa na kitu ambacho maji yanayochemka hayakiwezi.

Mwaka huohuo, mjini Breslau, Ferdinand Cohn alikuwa amekiona kitu hicho kwa hadubini ndani ya bakteria wa nyasi, Bacillus subtilis: punje ndogo inayong'aa, inayobaki hai baada ya bakteria wenyewe kufa kwa joto. Hiyo ndiyo spora. Robert Koch naye, katika mwaka huohuo wa 1876, alionyesha kwamba bakteria wa kimeta hupita katika umbo la namna hiyo.

Jibu alilolipata Tyndall mwaka 1877 linanivutia kila ninapolirudia, maana hakuongeza moto. Alichemsha kwa muda mfupi, akaiacha supu ipoe na kukaa, akachemsha tena, akaiacha tena, akarudia. Katika muda ule wa mapumziko spora ziliota na kugeuka bakteria wa kawaida, na bakteria wa kawaida ni mwepesi kufa. Dakika chache zilizogawanywa kwa utaratibu zilifanya kazi ambayo saa nzima ya kuchemsha mfululizo iliishindwa.

Karibu miaka 150 baadaye, mazungumzo mengi kuhusu spora bado yanaendeshwa kana kwamba tuna ukuta mbele yetu na tunatafuta nyundo kubwa zaidi. Joto likionekana kuharibu chakula, tunakimbilia shinikizo. Shinikizo likishindwa, tunaongeza kemikali. Mimi naona kinachoamua ni mpangilio: nini kinatangulia, nini kinafuata, na spora iko katika hali gani kila kimoja kinapoifikia. Naona pia kwamba mpangilio huo una mpaka wake, na kuna watu wanaouvuka kwa maneno matamu ya biashara.

Tuitazame spora yenyewe kwanza, kwa sababu mambo mengine yote yanatokana na jinsi ilivyojengwa.

Tunasema spora "inaota", lakini si mbegu. Bakteria mmoja akiishiwa chakula hujenga spora moja ndani ya mwili wake, kisha mwili huo hupasuka na kuiachia. Hakuna kuzaliana hapo. Kuna kujificha tu. Katikati yake mna kiini kilichokaushwa kwa namna ya ajabu. Bakteria wa kawaida ana maji yapatayo asilimia 80 ya uzito wake, ilhali katika kiini cha spora maji hushuka hadi kati ya asilimia 25 na 50. Katika ukavu huo protini zimekwama mahali pake, na protini iliyokwama haikunjuki upesi hata ikipashwa moto. Nafasi ya maji imechukuliwa na asidi ya dipikolini iliyoshikana na kalsiamu, ambayo peke yake hufikia takriban sehemu moja ya kumi ya uzito mkavu wa spora. DNA imefunikwa na protini ndogondogo zinazoikinga dhidi ya joto, mionzi na kemikali. Kuzunguka kiini kuna utando ambao hata molekuli ndogo huupenya kwa shida, kisha gamba nene linaloubana utando huo, kisha makoti ya protini yanayozuia vimeng'enya na sumu za nje.

Spora haipumui wala haili, na hakuna kinachoendelea ndani yake ambacho ungeweza kukivuruga. Sumu nyingi huua kwa kuingilia shughuli fulani ya uhai, sasa shughuli isipokuwepo sumu itashika wapi? Ndiyo maana alkoholi ya kusafishia mikono haiui spora za Clostridium difficile, bakteria anayeharisha wagonjwa hospitalini, na wahudumu wa hospitali huagizwa kunawa kwa maji na sabuni ili waziondoe mikononi kwa kuzisugua.

Joto ndilo silaha tunayoijua zaidi, na hesabu yake ni safi kiasi kwamba inaweza kutufanya tujiamini kupita kiasi. Kwenye nyuzijoto 121 za Selsiasi, spora sugu za Clostridium botulinum (botulinamu), bakteria anayetia sumu ya kuua katika chakula, hupungua kwa asilimia 90 kila baada ya sekunde 13 hivi. Zinazobaki hupungua tena kwa asilimia 90 katika sekunde 13 nyingine, na kuendelea hivyo. Kanuni ya viwanda vya makopo inataka mgawanyo huo wa kumi urudiwe mara 12, yaani spora trilioni moja zibaki moja. Hiyo ni kama dakika mbili na nusu, na kwa desturi hufanywa 3 kamili. Joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unazidishwa mara 10. Kwenye nyuzi 100, maji yanapochemka, kazi hiyohiyo inadai zaidi ya saa 5. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na watafiti Esty na Meyer mwaka 1922, na kwa chakula kisicho na asidi ya kutosha, chenye pH iliyo juu ya 4.6, haujapinduliwa hadi leo.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na kulichanganya kunaweza kuua. Sumu anayoitoa bakteria huyu ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana, lakini yenyewe ni dhaifu mbele ya moto, kuchemsha huiharibu. Spora ni kinyume chake: haina sumu, lakini inaustahimili moto. Mtu aliyesikia kwamba "kuchemsha huondoa botulinamu" amesikia nusu ya habari. Akichemsha chakula, akakifunga pasipo hewa na kukiacha mahali pa joto, ameondoa sumu iliyokuwepo, ameua bakteria wengine wote ambao wangeshindania chakula, na ameziacha spora peke yao zikiwa na karamu mbele yao.

Kibaya zaidi, joto la wastani huzichangamsha. Nyuzi 70 au 80 kwa dakika kadhaa huziandaa spora nyingi kuota upesi kuliko zilivyokuwa kabla ya kupashwa. Methali yetu inasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Anayepasha chakula moto nusunusu kisha akakiacha ameifanyia spora kazi ambayo methali inaikataza. Tyndall naye alimwamsha aliyelala, lakini hakuondoka. Alirudi na moto mara ya pili na ya tatu.

Sasa shinikizo. Bert Hite alilijaribu kwenye maziwa huko West Virginia, Marekani, na kutoa taarifa yake mwaka 1899. Ilichukua hadi mwaka 1990 kwa vyakula vilivyosindikwa kwa njia hiyo kuuzwa, navyo viliuzwa kwanza Japani. Mashine za leo hubana chakula kilichofungwa ndani ya maji kwa megapaskali 400 hadi 600. Megapaskali 600 ni kama uzito wa angahewa 6,000, zaidi ya mara tano ya shinikizo lililoko chini kabisa ya bahari, kwenye kina cha Mariana. Uzuri wake ni wa kweli kabisa. Shinikizo hufika kila sehemu ya chakula kwa wakati mmoja. Joto huanzia nje na kuingia polepole, hivyo kingo za kopo huiva kupita kiasi wakati katikati bado panangoja zamu yake. Tena shinikizo halivunji vifungo vya molekuli ndogo, kwa hiyo vitamini na harufu za asili hubaki vizuri zaidi.

Bakteria wa kawaida akipata mbano huo, utando wake huharibika na protini zake hukunjuka. Spora hukaa kimya. Kiini kilichokauka hakina cha kukamuliwa, na katika joto la kawaida hata mbano mkubwa kuliko wa mashine hizi hauihakikishii kifo.

Hata hivyo shinikizo hufanya jambo la ajabu. Katika miaka ya 1970 watafiti walishaeleza kwamba shinikizo linaweza kuiotesha spora, na tangu hapo njia mbili zimebainika. Shinikizo la wastani, la megapaskali 100 hadi 300 hivi, huzigusa protini za utando ambazo kwa kawaida husubiri sukari au asidi amino fulani. Protini hizo hudanganyika na kutoa ishara kana kwamba chakula kimefika. Shinikizo kubwa zaidi hupitia mlango mwingine: hufungua mifereji inayoachia asidi ya dipikolini, maji yanaingia, na kiini kinaanza kulainika.

Ningefikiri, kama wengi, kwamba mlango wa pili ndio bora kwa kuwa una nguvu zaidi. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa Bacillus subtilis na kuchapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba spora zilizooteshwa kwa megapaskali 100 zilivua kinga zake, ilhali zile zilizooteshwa kwa megapaskali 600 zilibaki sugu kwa mionzi ya urujuanimno na kwa peroksidi ya hidrojeni, kwa sababu zile protini ndogo zinazofunika DNA hazikuvunjwavunjwa. Nguvu mara sita zaidi ilileta kuamka kusikokamilika. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote kuhusu ubora wa mitambo mikubwa.

Njia inayoua spora kweli kwa shinikizo huliunganisha na joto. Chakula huanza kikiwa na nyuzi 80 au 90, kisha kikibanwa kwa megapaskali 600 joto lake hupanda lenyewe, takriban nyuzi 3 hadi 5 kwa kila megapaskali 100 ikiwa ni chakula cha majimaji, na zaidi ikiwa kina mafuta. Kinafika karibu na nyuzi 110 au 120 kwa sekunde chache, na kikiachiwa kinapoa mara moja, bila kungojea joto lijivute hadi katikati. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali kwa mara ya kwanza utaratibu wa aina hii kwa chakula chenye asidi kidogo. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na sitaki niyapunguze.

Ila mwaka 2006 ulikuwa umekwisha kuletwa ushahidi unaopaswa kubandikwa ukutani mwa kila kiwanda cha shinikizo. Watafiti walipima spora za Clostridium botulinum na za Bacillus amyloliquefaciens, jamaa wa bakteria wa nyasi, zikiwa chini ya joto kali na shinikizo kwa pamoja, na katika baadhi ya hali walikuta kwamba spora zilinusurika zaidi kuliko zilipopashwa joto hilohilo bila shinikizo. Mbano ulikuwa umezikinga. Silaha mbili zilipingana. Anayechukua nguvu ya joto na nguvu ya shinikizo na kuzijumlisha kwenye karatasi, akidhani jumla itakuwa kubwa kuliko kila moja, hajapima kitu.

Silaha ya tatu ni vizuia vijidudu, na kwangu nisini ndiyo mfano bora. Hutengenezwa na bakteria wa maziwa, Lactococcus lactis. Ilipewa jina hilo mwaka 1947, na mwaka 1969 ikakubaliwa na wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, kuwa kihifadhi cha chakula. Hushika molekuli moja muhimu katika ujenzi wa ukuta wa bakteria na kutoboa utando wake. Ukiimwaga juu ya spora iliyolala, haifanyi lolote. Wala haizuii kuota. Inachofanya ni kungoja mlangoni: spora ikishaota na utando wake kuwa wazi, nisini huutoboa kabla bakteria mpya hajakua. Kwa hiyo nisini ikiwekwa pamoja na shinikizo la wastani kisha joto la wastani, kila mmoja anapata zamu yake. Shinikizo linaamsha, joto linaua walioamka, na nisini inabaki ndani ya chakula kuwakamata wanaochelewa. Mpangilio ni uleule wa Tyndall, ila zamani mwenye kuamsha alikuwa muda peke yake.

Nitriti katika nyama zilizosindikwa hufanya kazi ya jirani na hiyo. Haiui spora, humzuia botulinamu asikue baada ya kuota. Ukiiondoa kwa sababu wateja hawapendi jina lake, sharti uweke kitu kingine mahali pake.

Waliosahau sharti hilo wamewahi kulilipia. Mwaka 1989 nchini Uingereza watu 27 waliugua botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya botulinamu, baada ya kula mtindi wenye ladha ya karanga za hazeli, na mmoja akafariki. Mtindi wenyewe una asidi na haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye rojo ya karanga iliyochanganywa ndani yake. Rojo hiyo ilitengenezwa kwa kitamu bandia badala ya sukari ya kawaida, na hakuna aliyezingatia kwamba sukari ile ilikuwa inafanya kazi mbili. Ilikuwa inatia utamu, na ilikuwa inayafunga maji ili spora isipate ya kuotea na kukulia. Joto lililotumika lilitosha kwa rojo yenye sukari. Halikutosha kwa rojo isiyo nayo.

Upo pia mfano wa kuongeza kitu kizuri kikaleta balaa. Lisozimu, kimeng'enya kinachopatikana kwenye ute wa yai, huvunja kuta za bakteria, na ungetarajia kiwe msaidizi wetu. Lakini spora za baadhi ya aina za botulinamu zikipashwa joto, mara nyingi kinachoharibika kwanza ni vimeng'enya vyao wenyewe vya kuvunjia gamba wakati wa kuota. Spora ya namna hiyo iko hai ila imefungiwa ndani ya nyumba yake. Lisozimu ikiwepo hulivunja gamba kutoka nje na kumfungulia mfungwa. Maabara inayohesabu walionusurika bila lisozimu itaona wachache. Ikiiweka, itaona wengi zaidi. Ni spora zilezile na joto lilelile, lakini hesabu zinatofautiana.

Hapo ndipo mpaka niliousema unapoonekana. Mbinu ya kuamsha kisha kuua inategemea kwamba wote wataamka, na sivyo ilivyo. Katika kila kundi la spora wamo wachache waliozama katika usingizi mzito kupita wenzao, mara nyingi kwa kuwa wana protini chache za kupokea ishara. Wenzao wakiota kwa sekunde au dakika, hao hukaa saa au siku. Ukichora idadi ya wanaonusurika dhidi ya muda, mstari hushuka vizuri, kisha huanza kulala na kuvuta mkia mrefu. Hesabu ya kugawanya kwa kumi mara 12 imesimama juu ya mstari ulionyooka. Mbinu yenye mkia haiwezi kukopa hesabu hiyo. Kupunguza spora mara elfu au mara laki kwa shinikizo la wastani ni kazi nzuri ya kuzuia chakula kuharibika, na bado iko mbali sana na mara trilioni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa chakula chenye asidi, au kinachokaa kwenye ubaridi kwa siku chache, mpangilio wa shinikizo, joto la wastani na nisini unastahili kutumika kwa upana zaidi kuliko sasa. Utaokoa ladha na virutubisho vingi vinavyoteketea bure. Kwa chakula chenye asidi kidogo, kilichofungwa pasipo hewa na kukusudiwa kukaa rafuni miezi, nisingekubali joto la nyuzi 121 au kilicho sawa nalo kwa ushahidi kipunguzwe hata kidogo kwa hoja kwamba nisini ipo. Katika makopo, nisini ina kazi yake halali ya kuzuia spora zinazopenda joto, ambazo ni sugu kuliko botulinamu na huharibu chakula bila kuleta sumu. Hiyo ni kazi ya ziada, baada ya botulinamu kumalizwa kwa moto.

Ushahidi ninaoutaka nao una masharti. Upimwe kwenye chakula chenyewe, maana mafuta, sukari na chumvi hubadilisha kila kitu. Upimwe kwa spora sugu kwa mbinu hiyohiyo, kwa kuwa spora inayoongoza kwa kustahimili joto si lazima iongoze kwa kustahimili shinikizo. Na wanaonusurika wahesabiwe baada ya kupewa muda mrefu na mazingira ya kuwasaidia kuota, lisozimu ikiwemo. Hesabu iliyofungwa baada ya saa 48 inawaacha nje walewale tunaowaogopa.

Yapo maneno ya lebo yanayonikera kwa dhati. Kinywaji kilichobanwa kwa shinikizo baridi huitwa safi na salama "bila moto", na mnunuzi huelewa kwamba hakina tena vijidudu. Kina spora zilezile zilizoingia nazo mboga kutoka udongoni. Mwaka 2006 watu kadhaa nchini Marekani na Kanada walipata botulizimu kutokana na juisi ya karoti ya chupa. Juisi ile ilikuwa imepashwa joto la kuua bakteria wa kawaida tu, na karoti haina asidi ya kuizuia spora. Ulinzi wote uliobaki ulikuwa ubaridi, na chupa zikakosa ubaridi. Shinikizo baridi lingeiacha juisi ile katika hali ileile. Mwenye chupa hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu friji kwake ni ya kumpa kinywaji kitamu, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwazuia waliolala ndani ya chupa. Tena aina fulani za botulinamu hukua hata kwenye nyuzi 3, kwa hiyo ubaridi nao unahesabiwa kwa siku. Lebo ya kinywaji cha namna hiyo ingeandika nyuzijoto za kukihifadhia, siku kinazoweza kukaa, na maneno matatu ambayo bado sijayaona popote: spora bado zimo.